Chipu si Chipsi: Maoni Yangu Kuhusu Kijipande Kinachotetemesha Mataifa

Waswahili walinena ya kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii nimeisikia tangu nikiwa darasa la tatu, lakini nakiri mbele yako, mpenzi msomaji, kwamba sikuielewa hadi likizo ya Disemba iliyopita, pale nilipokuwa nikimsaidia mjomba wangu katika kibanda chake cha kutengeneza simu mjini Kitale, hatua chache kutoka steji ya matatu.

Mjomba wangu ni fundi wa kusifika. Kioo cha simu kikivunjika, atakibandua na kutia kingine kabla hujamaliza kikombe cha chai. Betri, spika, tundu la chaji, yote hayo kwake ni mchezo wa watoto. Siku hiyo alikuja mama mmoja muuza mboga. Simu yake ilikuwa imezima ghafla usiku, nayo ndiyo iliyobeba madeni ya wateja, namba za wakulima na pesa zake zote za mtaji. Mjomba akaifungua, akaichungulia kwa kioo cha kukuzia, akaigusa hapa na pale kwa kipima umeme, kisha akatikisa kichwa.

"Mama, imekufa chipu."

"Si uitengeneze basi? Kwani wewe si fundi?"

"Hii haitengenezwi, mama. Hii hung'olewa ikatiwa nyingine. Nitaagiza Nairobi, Luthuli. Rudi Ijumaa."

Mama alipokwenda zake, nikamgeukia. "Mjomba, na hao wa Luthuli wanaitoa wapi?"

"China."

"Na huko China wanaitengeneza wenyewe?"

Mjomba alicheka hadi akaweka bisibisi chini. "Mpwa wangu, mimi nimekaa na hivi vitu miaka kumi na minane. Sijawahi kuona mtu aliyeona mtu aliyeona chipu ikitengenezwa. Wewe ndiye uko shule. Nenda ukasome, uje uniambie."

Basi nimesoma, na makala haya ndiyo jibu langu kwake. Lakini ndani yake mna maoni ambayo najua baadhi ya wenzangu watayapinga, nami sitaki kuyaficha. Maoni yenyewe ni haya: katika dunia ya leo, nguvu haimo mikononi mwa mwenye mali chini ya ardhi. Imo mikononi mwa yule ajuaye kufanya jambo moja ambalo wengine hawaliwezi. Na sisi wanafunzi tunaolikimbia somo la Fizikia kwa sababu ati ni gumu, tunajitoa katika nguvu hiyo kwa hiari yetu wenyewe.

Najua mwanachama mmoja ataruka juu na kuuliza, "Chipu na Chama cha Kiswahili wapi na wapi?" Nami namjibu hivi: jambo ambalo hatuwezi kulizungumza kwa lugha yetu, tutaliachia wengine watuzungumzie. Zaidi ya hayo, nilipotaja neno hili bwenini, wawili watatu walidhani nazungumzia viazi vya kukaanga! La hasha. Chipu si chipsi. Hebu tuanzie hapo.

Chipu ni kijipande cha silikoni, kidogo kama ukucha au hata zaidi, ambacho juu yake pamechorwa swichi za umeme zisizohesabika. Swichi moja huitwa transista. Ya kwanza iliundwa mwaka wa 1947 katika maabara ya Bell nchini Marekani, nayo ilikuwa kitu cha kushikika mkononi. Mwaka wa 1958 mhandisi Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments aliunganisha sehemu kadhaa za umeme katika kipande kimoja, na mwaka uliofuata Robert Noyce akatoa njia bora ya kufanya vivyo hivyo juu ya silikoni. Tangu hapo imekuwa ni mbio za kupunguza ukubwa. Chipu ya Intel ya mwaka wa 1971 ilikuwa na transista 2,300. Chipu iliyotiwa katika simu za bei ghali za Apple mwaka wa 2023 ilikuwa nazo bilioni 19. Bilioni, si milioni! Na hizo zote zimo ndani ya kijipande ambacho mjomba angeweza kukipoteza chini ya kucha yake.

Vitu hivi hupimwa kwa nanomita. Chukua milimita moja katika rula yako, uigawe mara milioni moja: hapo umepata nanomita. Ukucha wako hurefuka kwa nanomita moja hivi kila sekunde. Tangu uanze kusoma sentensi hii umeshaongezeka nanomita kadhaa wala hujahisi kitu. Wauzaji husema chipu zao ni za "nanomita 3", ingawa hilo siku hizi limekuwa jina la biashara tu, maana mistari yenyewe ni minene kuliko hapo. Hata hivyo, unene huo ni mdogo mno kiasi kwamba vumbi moja tu likitua juu yake ni sawa na jiwe kuangukia shamba la mpunga. Ndiyo sababu wafanyakazi wa viwanda hivyo hujifunika gubigubi, macho tu nje, na hewa ya humo ndani huchujwa mchana na usiku.

Je, huchorwaje? Huchorwa kwa mwanga. Silikoni huyeyushwa, ikavutwa kuwa gogo linalong'aa, ikakatwa visahani vyembamba vya upana wa milimita 300. Kila kisahani hupakwa dawa inayobadilika inapopigwa na mwanga, kama picha za kamera za zamani. Mwanga hupitishwa ukiwa na umbo la ramani ya saketi, sehemu zisizotakiwa zikaliwa kwa kemikali, kisha tabaka jingine likawekwa juu yake. Kazi hii hurudiwa kwa hatua mamia na mamia, na kisahani kimoja huweza kukaa kiwandani miezi mitatu au zaidi kabla ya kutoka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hiki ni kibaba cha kujazwa kwa sindano.

Kwa chipu za kisasa kabisa, mwanga wa kawaida haufai. Ni sawa na kujaribu kuandika jina lako juu ya punje ya mchele kwa chaki. Hapo ndipo inapoingia mashine ambayo ilinifanya niache kusoma kwa dakika nzima nikitazama dari. Ndani yake, matone ya bati iliyoyeyuka hudondoshwa 50,000 kwa kila sekunde moja. Kila tone hupigwa kwa leza mara mbili: pigo la kwanza hulibapa, la pili huligeuza mvuke wenye joto linaloshinda uso wa jua mara nyingi. Kutoka katika mvuke huo hutoka mwanga wa nanomita 13.5, usioonekana kwa macho. Mwanga huo humezwa na hewa na hata na kioo cha kawaida, kwa hivyo husafiri mahali pasipo na hewa, ukidundishwa na vioo maalumu vya Kijerumani vilivyo laini ajabu. Watengenezaji husema kwamba kioo kimoja kikipanuliwa kiwe na ukubwa wa nchi ya Ujerumani, kinundu chake kikubwa zaidi hakitafika milimita moja. Mashine hii, iitwayo EUV kwa kifupi, ina uzito wa tani 180 hivi na bei yake inazidi yuro milioni 150. Kampuni inayoiuza ni moja tu duniani kote: ASML ya mji wa Veldhoven, Uholanzi.

Moja tu! Ndugu msomaji, tua hapo kidogo, maana ndipo kiini cha hoja yangu kilipo.

Ukifuata mnyororo wa chipu utakuta kila pete imeshikwa na mkono tofauti. Programu za kuchorea ramani za chipu nyingi ni za Marekani. Mashine ya mwanga ni ya Waholanzi, na ndani yake vioo na leza ni vya Wajerumani. Dawa za kupaka visahani kwa sehemu kubwa hutoka Japani. Chipu za kumbukumbu hutawaliwa na Wakorea wa Kusini. Vyungu vya kuyeyushia silikoni hutengenezwa kwa mawe meupe ya kwatzi, na yaliyo safi kabisa huchimbwa katika mji mdogo uitwao Spruce Pine, milimani North Carolina. Mnamo Septemba 2024 kimbunga Helene kilipofurika huko na migodi ikasimama, wenye viwanda vya chipu mabara mengine walikosa usingizi kwa sababu ya mji ambao wengi wao hawajawahi kuufikia. Vivyo hivyo mwaka wa 2022, vita vya Ukraine vilipozuka, ilibainika kuwa miji ya Mariupol na Odesa ilikuwa ikitoa sehemu kubwa ya gesi ya neoni safi itumikayo katika leza za viwanda hivyo. Mabomu yakaanguka Mariupol, watu wakaulizana Taiwan.

Naam, Taiwan. Hapo ndipo pete nene kuliko zote ilipo. Chipu za kisasa kabisa, karibu tisa kati ya kila kumi, hutengenezwa katika kisiwa hicho, na karibu zote na kampuni moja iitwayo TSMC. Kisiwa chenyewe ni kidogo, kina mitetemeko ya ardhi (ule wa Septemba 1999 uliua watu zaidi ya 2,400 na kusimamisha viwanda vya chipu), na mwaka wa 2021 kilikumbwa na ukame hata wakulima wa mpunga wakakatiwa maji ya kunyunyizia mashamba huku malori yakipeleka maji viwandani. Juu ya hayo, China, iliyo ng'ambo ya mlangobahari, huhesabu kisiwa hicho kuwa sehemu yake, ilhali Taiwan hujitawala kwa serikali inayochaguliwa na wenyeji. Mnamo Agosti 2022 China ilifanya mazoezi makubwa ya kijeshi kukizunguka kisiwa hicho. Dunia nzima imeteka maji katika kisima kimoja, na kisima chenyewe kimo njiani mwa fahali.

Wengine husema Taiwan ilibahatika. Mimi nasema bahati haina nafasi hapa. Mwaka wa 1976 Taiwan ilikuwa nchi ya mashamba na viwanda vya nguo na vitu vya plastiki. Serikali yake ikafanya mkataba na kampuni ya Marekani iitwayo RCA, ikapeleka wahandisi vijana wakajifunze kuunda chipu. Teknolojia waliyofundishwa haikuwa ya mbele; ilikuwa imekwisha kupitwa. Hawakujali. Walirudi nyumbani wakaanza nayo. Mwaka wa 1985 wakamwita Morris Chang, mzaliwa wa China aliyekuwa amefanya kazi Texas Instruments kwa miaka 25 na kukosa cheo cha juu alichokitazamia. Mwaka wa 1987, akiwa na umri wa miaka 55, umri ambao wengine hutafuta kiti cha kupumzikia, alianzisha TSMC.

Wazo lake lilikuwa rahisi hata likachekwa. Siku zile kila kampuni kubwa ilichora chipu zake na kuziunda yenyewe. Chang akasema: mimi sitachora hata moja. Nitakuwa kama fundi cherehani asiyeuza nguo zake mwenyewe, bali hushona vitambaa vya wateja. Wewe lete kitambaa na vipimo, mimi nitakushonea, wala sitakuibia mshono. Kazi hiyo moja ameifanya na watu wake kwa ustadi unaozidi kila mwaka, hata leo Apple, Nvidia na wengineo hupiga foleni mlangoni pake. Mvumilivu hula mbivu.

Sasa tugeukie fahali wawili wanaopigania kisima hiki. Mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hivyo sitarajii haki tupu kutoka upande wowote. Tarehe 9 Agosti 2022 Marekani ilitia saini sheria ya kutenga dola bilioni 52.7 kufufua utengenezaji wa chipu nchini mwake. Tarehe 7 Oktoba mwaka uo huo, ikapiga marufuku chipu za nguvu sana na mashine za kuziundia kuuzwa China. Hata Uholanzi, kwa kusukumwa na Marekani, ilikuwa imekwisha kuinyima China ile mashine ya EUV tangu mwaka wa 2019. Sababu inayotolewa ni kwamba chipu hizi huongoza makombora na hufunza akili unde, na kwamba hakuna mtu amnoleaye adui kisu. Mgala muue na haki umpe: hoja hii ina uzito wake.

Lakini nina neno. Ukimnyima jirani moto, siku moja atajifunza kupekecha. Kampuni ya Huawei ilikatiwa huduma za TSMC mwaka wa 2020, na wengi wakaimba matanga. Mnamo Agosti 2023 ikatoa simu yake yenye chipu ya "nanomita 7" iliyoundwa na kiwanda cha Kichina, bila ya China kuwahi kuuziwa hata mashine moja ya EUV. Je, imewafikia Wataiwani? Bado. Je, imerudi nyuma kama ilivyokusudiwa? Vilevile bado. Na mwezi uo huo China nayo ikaanza kubana uuzaji wa galiamu na jemaniamu, madini mawili ya kazi hizi ambayo yenyewe ndiyo mtoaji mkuu duniani. Ukinifinya nami nakufinya. Nyasi na ziumie.

Kwa upande wa China, nasema vitisho kwa Taiwan havitawafaa lolote katika jambo hili. Kiwanda cha chipu hakitekwi kama boma la ng'ombe. Ng'ombe ukiwaswaga usiku, asubuhi utawakama. Lakini kiwanda kilichotekwa hakina spea za Uholanzi, hakina dawa za Japani, hakina programu za Marekani, na mafundi wake hawatachora mistari ya nanomita wakiwa wamesimamiwa kwa bunduki. Atakayekiteka atateka majengo.

Nao Wamarekani wamejifunza kwamba fedha peke yake si fundi. TSMC ilitangaza mwaka wa 2020 kwamba ingejenga kiwanda Arizona. Kazi ikachelewa; mwaka wa 2023 kampuni ikasema mafundi wenye ujuzi hawatoshi, na ikabidi wengine waletwe kutoka Taiwan. Uzalishaji ulikuja kuanza mwishoni mwa 2024. Nchi iliyoizaa chipu ililazimika kuita mwalimu kutoka nchi iliyokuwa mwanafunzi wake! Mimi nauunga mkono ujenzi wa viwanda vipya Arizona, na kile cha Kumamoto, Japani, kilichofunguliwa Februari 2024, kwa sababu kisima kimoja hakitoshi kijiji kizima. Nisichokiunga mkono ni ndoto ya kila fahali kutaka awe na mnyororo mzima peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hakuna nchi hata moja, narudia, hata moja, iundayo chipu ya kisasa peke yake tangu jiwe hadi simu.

"Pilipili usiyoila yakuwashiani?" mwenzangu mmoja aliniuliza nilipomsomea haya. "Hayo ni ya wakubwa." Ati ya wakubwa! Mwaka wa 2021, chipu zilipoadimika kwa sababu ya korona na pupa ya wanunuzi, makampuni ya magari duniani yaliacha kuunda mamilioni ya magari. Mengine yalisimama uwanjani yakiwa yamekamilika kila kitu isipokuwa chipu za bei ya soda. Gari jipya likikosekana Japani, mwenye kuukuu halitoi. Na magari yetu mengi hapa Kenya ni hayo makuukuu ya Wajapani. Na yule mama wa Kitale je? Kuanzia Jumanne hadi Ijumaa aliuza mboga bila simu, akikataa wateja waliotaka kulipa kwa M-Pesa, akidai madeni kwa kukumbuka tu. Pilipili hii tumeitafuna sote, ila hatujui jina lake.

Sasa nifike nyumbani, maana ndiko nilikokuwa nikielekea. Tumezoea kujigamba kwamba Afrika ina madini, na kwamba bila sisi simu hazingekuwapo. Kweli. Nenda Rubaya, Kivu Kaskazini, huko Kongo, ambako watu wasemao Kiswahili kama sisi huchimba koltani kwa sururu na mikono mitupu. Ndani ya koltani hutoka tantalamu, inayotumika katika vipande vya kuhifadhi umeme kwenye bodi za simu. Mwaka wa 2024 waasi wa M23 waliuteka mji huo. Wachimbaji wa Rubaya wana mali ambayo dunia inaihitaji, lakini niambie, nani kati yao ana sauti? Mhandisi mmoja wa Veldhoven, asiye na hata jiwe moja shambani mwake, husikilizwa na marais. Tofauti yao si akili wala rangi. Tofauti ni kwamba mchimbaji akiondoka, mwingine hutiwa mahali pake kesho yake asubuhi. Mhandisi akiondoka, mashine husimama. Mwenye jiwe huambiwa bei. Mwenye ujuzi husema bei.

Mtaniambia, "Sisi tutaanzia wapi na mashine moja ni yuro milioni 150?" Swali ni zuri. Jibu langu ni kwamba hatutaki mnyororo, twataka pete moja. Malaysia haikuanza kwa mashine hizo. Mwaka wa 1972 Intel ilifungua kiwanda Penang cha kuunganisha na kufungasha chipu zilizoundwa kwingine, kazi iliyoonekana ya chini. Leo Malaysia ni miongoni mwa wakubwa wa dunia katika kazi hiyo. Hapa kwetu, Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kipo kiwanda kidogo cha kampuni iitwayo Semiconductor Technologies Limited. Na Rais alipozuru Washington mnamo Mei 2024, Marekani ilitangaza nia ya kuifanya Kenya nchi ya kwanza ya Afrika kunufaika na fedha za ile sheria yake ya chipu. Si haba. Lakini ahadi za wageni ni mvua za mbali. Tusilale tukisubiri ngurumo. Pete yetu italetwa na watu waliosoma, si na sherehe za kutia saini. Kuchora ramani ya chipu, kwa mfano, hakuhitaji mashine ya tani 180. Kunahitaji kompyuta, umeme usiokatika na kichwa kilichonolewa.

Na vichwa vyenyewe ndivyo hivi vyetu. Tulipoambiwa tuchague masomo, darasa letu lilikuwa na wanafunzi 54. Waliobaki na Fizikia ni 11. Nilisikia kwa masikio yangu sababu zilizotolewa: "itaniangushia gredi", "dadangu aliniambia ni ya watu wa ajabu", "kwani nitakuwa mzungu?" Mimi mwenyewe, nisiwe kama nyani asiyeona kundule, nilikuwa nimejaza fomu ya kuiacha. Ni baada ya likizo ile ndipo nilipomwendea mwalimu wa darasa nikiwa na kifutio mkononi. Sijawa bingwa. Muhula uliopita nilipata alama 47, na sheria ya Ohm bado hunitoa jasho. Lakini afadhali 47 zangu zipandazo kuliko A ya kitu ambacho hakitanifikisha mlangoni.

Simwambii kila mtu awe mhandisi. Nchi inahitaji mawakili, wakulima, na washairi pia, la sivyo chama hiki kingefungwa. Ninachosema ni kwamba mtu asiiache Fizikia kwa hofu. Aiache akijua anachokiacha. Vijana wale wa Taiwan wa mwaka wa 1976 hawakujua kwamba siku moja dunia ingewategemea. Walijua tu kwamba walitumwa kujifunza kitu kigumu, na wakajifunza.

Ijumaa ile yule mama alirudi. Chipu ilikuwa imefika kutoka Luthuli, imefungwa katika kijikaratasi. Mjomba akaipashia moto, akaing'oa iliyokufa, akaiketisha mpya, na simu ikaamka. Mama akalipa, akaondoka akishukuru. Mjomba akaishika ile iliyokufa kwa koleo ndogo, akaiweka katika kiganja changu na kusema, "Chukua. Utakapojua, uje unieleze."

Ninayo hadi leo, katika mkebe wangu wa hesabu. Mjomba, nimekueleza nijuavyo kufikia sasa. Yaliyobaki nipe muda, ningali darasani.

Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne.